Mihogo ya Siku ya Pili

Mihogo iliyolowekwa inanuka, na sitaki kulipamba jambo hili. Wageni waliokuja kijijini kwetu walianza kuziba pua tangu kwenye mteremko, kabla hawajaona paa hata moja, na sisi watoto tuliwacheka mpaka mbavu zikauma, kwa sababu kwetu ile ilikuwa harufu ya nyumbani tu. Ilikuwa kwenye vitenge vya mama zetu, kwenye nywele zetu, kwenye mikeka, uchachu mzito ambao sabuni haikuuweza. Ilitoka mtoni. Mihogo yetu ilikuwa ile michungu, ambayo nguruwe pori wakiionja mara moja hawarudi tena, na ndiyo maana wazee waliipenda kuipanda. Uchungu wake ni sumu, lakini ukiilaza majini siku nne kamili sumu inaondoka, mihogo inalainika, unaitoa nyuzi, unaivunjavunja, unaianika juani, unaitwanga, unaichekecha, na bukari, yaani ugali wetu, inayotoka hapo ni nyeupe, inavutika, inashiba. Siku nne, wala si tatu. Hata mtoto wa miaka mitano kwetu alijua hesabu hiyo kabla hajajua kuhesabu vidole vyake.

Kijiji chetu kilikuwa magharibi ya Kalemie, mji wa bandari ulio kando ya ziwa, kupita Niemba, na kando ya mto wetu kulikuwa na safu ya vidimbwi vilivyozungushiwa mawe, kila mwanamke na chake. Hukuweza kulaza mihogo yako kwenye kidimbwi cha mwenzako bila kumwomba, kama vile huwezi kuingia chumbani kwake. Kidimbwi cha nyumba yetu kilikuwa cha Kambo, mama yake Papa; sisi huwaita Kambo wazazi wa wazazi wetu. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye miguu mipana na maneno machache, na alikuwa na namna yake ya kujua kama mihogo imeiva. Hakuitoa majini kuitazama. Alikunja kitenge, akaingia mpaka magotini, akaanza kuzungumza na jirani kuhusu mambo mengine kabisa, mtoto wa fulani kaoa, kuku wa fulani kaibwa, huku kisigino chake kikipita juu ya mihogo chini ya maji, muhogo mmoja mmoja. Mguu wake ulimwambia. Muhogo ulioiva unabonyea wote, kutoka ngozi mpaka moyo. Ambao haujaiva unadanganya juu, lakini ndani kuna ugumu kama mfupa. Kambo alisema macho ni rahisi kudanganya, na mkono una haraka, lakini mguu una subira.

Kwetu msichana alipewa kidimbwi chake mwenyewe siku mguu wake unaposema kweli mara tatu mfululizo. Kambo alikuwa anakuuliza, unakanyaga bila kutazama, unajibu, kisha yeye anakanyaga baada yako. Ukikosa hata mara moja, unaanza upya. Ukipatia tatu, anakutafutia mawe, anakuzungushia sehemu yako ya mto, na tangu siku hiyo wewe ni mtu unayeweza kuwalisha wengine. Hakuna sherehe. Lakini wasichana waliopata walitembea kwa maringo wiki nzima, na mimi, Mumba, mwenye miaka kumi na moja na kiherehere cha watu wawili, niliwaonea wivu. Nilikuwa nimekwisha kupatia mara mbili. Ilibaki moja.

Ndipo likaja jambo la baraji, bwawa la umeme. Kwanza walikuja watu wenye vijiti vilivyopakwa rangi nyekundu, wakavipigilia ardhini, kimoja karibu na mto, kingine nyuma ya kanisa, kingine mbali kabisa kwenye shamba la Papa, na watoto tukavitumia kwa mchezo mpaka tukachapwa. Kisha akaja mkubwa mmoja aliyevaa abakosti ya kijivu, koti la wakubwa wa serikali, lililomkaba shingo, akakusanya watu, akasema Zaire inahitaji umeme, bandari inahitaji umeme, na mto wetu una nguvu ambayo tumeilalia tu miaka yote. Ukuta utajengwa chini kule kwenye mabonde. Maji yatapanda mpaka kwenye vile vijiti. Sisi tutahamishiwa mjini, kila nyumba itapewa nyumba, na kutakuwa na robine, bomba la maji safi. Watu wakapiga makofi, kwa sababu wakati ule mkubwa akimaliza kusema ulipiga makofi, upende usipende. Kambo aliinua mkono. Aliuliza kama kule mjini kuna mahali pa kulaza mihogo. Yule mkubwa hakuelewa swali, akajibu tena kwamba kutakuwa na robine, na Kambo akashusha mkono wake polepole.

Miezi ilipita na tukaanza kuzoea kuishi kati ya vijiti. Papa aliacha kulima shamba la mbali, Mama aliacha kukandika ukuta, na kila mtu akawa anafanya kazi nusunusu, kama mtu aliyeambiwa asimame lakini hajaambiwa aende wapi. Kambo peke yake hakubadili kitu. Wiki ya mwisho tuliambiwa lori litafika Jumamosi, na Jumanne asubuhi akalaza mihogo kama kawaida, mingi kuliko kawaida, ili Jumamosi alfajiri itoke ikiwa imeiva na tuende nayo mjini tukiwa na chakula. Nilimsaidia kuibeba. Nikamuuliza kwa sauti ndogo kama hii ndiyo ya tatu. Nakumbuka mkono wake uliolowa akiuweka juu ya kichwa changu. Akasema, "Kidimbwi nitakupa wapi, sijui. Lakini mara ya tatu tutaihesabu." Nilifurahi mno. Sikufikiri mto utakufa. Nilifikiri mara ya tatu tu.

Lori likaja Alhamisi. Dereva alisema wametazama mawingu kule milimani, mvua ikianza njia itakatika, basi ni leo au tutembee kwa miguu na vyombo vyetu kichwani. Sijui nieleze vipi asubuhi ile. Watu walikuwa wanakimbiza kuku, wanang'oa milango, wanagombania nafasi kwenye lori, na wazee walikuwa wameinuka kimya kimya kwenda makaburini kuaga. Kambo alikwenda nao, alikuwa na mume wake pale na watoto wawili. Akaniambia, "Mumba, nenda mtoni. Jua limekuwa kali, huenda imewahi. Kanyaga. Kama imebonyea, mwambie mama yako aitoe. Kama haijabonyea, iache, maji yaichukue." Ndivyo alivyosema, nayasikia maneno yake mpaka leo. Akaniamini mimi peke yangu, siku ya mwisho ya mto.

Niliingia majini. Nilikanyaga muhogo mmoja mdogo uliokuwa pembeni, ukabonyea. Midogo huiva haraka, hilo nililijua. Nikakanyaga mwingine mdogo, ukabonyea kidogo. Mihogo mikubwa katikati sikuikanyaga. Najua kwa nini sikuikanyaga. Mguu wangu ungeniambia ukweli, na ukweli ungesema mihogo ni ya siku ya pili, si ya nne, na hapo ningerudi mikono mitupu bila mihogo na bila mara ya tatu, na mto ungeondoka nayo. Nilitoka majini nikakimbia kwa Mama, nikamwambia imeiva. Mama alikuwa na Feza mgongoni, mdogo wangu wa miaka minne, na godoro kichwani. Hakuuliza mara mbili. Tukaijaza katika magunia mawili yakichuruzika maji, tukayatupa loriani chini ya miguu ya watu, na Kambo alipopanda akakaa juu yake bila kujua amekalia nini.

Tulishushwa jioni kwenye kilima nje ya mji, mahali palipofyekwa majani na kubaki udongo mwekundu na safu za nyumba ndogo zinazofanana, mpaka siku za kwanza watu waliingia nyumba za wenzao wakavua viatu. Ziwa lilionekana kwa mbali, pana, la buluu, na mimi sikuwa nimewahi kuona maji yasiyo na ng'ambo. Robine ilikuwepo kweli, moja, chini ya kilima, na foleni yake ilianza kabla ya jogoo. Chakula tulichoahidiwa cha wiki ya kwanza hakikuwepo, na kila aliyeulizwa alimtaja mwingine. Asubuhi Kambo akafungua magunia. Mihogo ilikuwa imechacha kwa joto la safari, ngozi zimelegea, na harufu ilikuwa ileile. Akachukua mmoja, akaubonyeza kwa kidole gumba, akakunja uso. Akaniita.

"Mumba, ulikanyaga yote?"

"Yote, Kambo."

"Na ya katikati?"

"Ilibonyea."

Alibaki amenitazama, muhogo mkononi. Ningeweza kusema pale. Neno lilikuwa mdomoni, nililisikia kabisa kwenye ulimi, lakini akatabasamu, akasema, "Basi ni tatu," na mimi nikalimeza. Akaanika mihogo juu ya mabati siku mbili, jua la ziwani likaikausha haraka, akaitwanga na Mama kwenye kinu cha jirani. Jumapili mchana tukala bukari yetu ya kwanza Kalemie, na majani ya matembele na dagaa wachache Papa aliowapata bandarini, ambako alikuwa ameanza kubeba magunia. Bukari ilikuwa na uchungu kwa mbali. Papa akasema labda ni maji ya robine. Sisi wakubwa tulikula kidogo, tulikuwa na uchovu. Feza, ambaye alikuwa amelia njaa siku tatu, alikula mpaka akalamba sahani.

Jua lilikuwa bado juu alipoanza kutapika. Kisha akasema kichwa kinazunguka, kisha miguu ikamwisha nguvu, akawa anaanguka kila akisimamishwa, na midomo yake ikabadilika rangi. Papa alimbeba akakimbia naye kilima kizima mpaka zahanati, na sisi nyuma yake, Mama analia kwa sauti, Kambo halii, mimi nimeshika kitenge cha Kambo kwa mikono miwili. Nilijua. Hakuna aliyehitaji kuniambia. Nilikuwa namwomba Mungu kwa maneno ya kijinga, nikimwahidi sitadai kidimbwi tena maisha yangu yote. Muuguzi, mama mnene mwenye sauti ya ukali na mikono ya upole, alimwekea Feza maji ya mshipani, akatugeukia akauliza tumekula nini. Papa akamwambia. Akauliza mihogo ililala majini siku ngapi, na wote wakamtazama Kambo.

Papa hakuwa mtu wa kumkosea mama yake heshima, lakini siku ile alisema mbele ya watu, "Mama, njo nini hii umetupa?" Kambo alikuwa amesimama, miguu yake mipana imejaa vumbi jekundu. Mimi nilikuwa hatua moja nyuma yake. Alinyoosha mkono kwa nyuma, bila kugeuka, akanishika kifundo cha mkono, akakibana kwa nguvu, namna ya kumwambia mtu anyamaze. Akasema, "Njo mukono wangu. Lori lilikuja mbele ya siku, nikaharakisha. Nilikosa mimi." Muuguzi akamkaripia kama mtoto mdogo, kwamba mtu mzima kama yeye anajua vizuri sumu ya mihogo. Kambo akaitikia kwa kichwa kila neno. Feza alifungua macho kesho yake asubuhi akaomba uji, na Mama akaketi sakafuni pale pale akacheka na kulia pamoja.

Tuliporudi kilimani, jambo lile halikuzungumzwa tena, na hiyo ndiyo adhabu niliyopewa. Hapakuwa na mto. Kuna kijito nyuma ya kilima, lakini wanawake wa mjini waliokuwa wakichota pale walitufukuza na mihogo yetu, wakasema tunawanukishia maji, na walikuwa na haki. Papa akanunua pipa la mafuta lililokatwa, tukalisugua kwa mchanga wiki nzima, na Kambo akaanza kulaza mihogo humo kwa maji ya robine tuliyoyapandisha kwa ndoo. Pipani huwezi kuingiza mguu. Alikuwa anaingiza mkono mpaka begani, shavu limegusa ukingo wa bati, macho yamefumbwa, anatafuta kwa vidole kile ambacho kisigino chake kilikuwa kinajua. Maji ya pipa hayatembei, akasema, huwezi kujua yanafikiri nini. Akaongeza siku, zikawa tano, wakati mwingine sita, bukari ikawa chachu mpaka Papa akatania kwamba tunakula pombe.

Na akaanza kula kwanza. Kila mara unga mpya ulipopikwa, Kambo alichukua tonge lake kutoka chunguni kabla ya mtu yeyote, kabla ya Papa, kabla ya mgeni, akaenda kukaa kwenye kizingiti akala peke yake. Kisha alituzuia tusile. Alitafuta visingizio: bukari bado ya moto sana, mboga haijaiva, nendeni kwanza mkachote maji. Alitazama kivuli cha nyumba kikisogea, na kikifika mahali anapopajua yeye, ndipo aliposema haya, kuleni. Kwetu mwanamke mzee kula kabla ya wageni ni aibu kubwa. Majirani walianza kunong'ona kwamba mji umemharibu, kwamba mama wa watu amekuwa mroho. Papa alikata jicho lakini hakumkataza. Feza, aliyepona kabisa na kuwa na ulimi mrefu kuliko mwili, alimwita Kambo Tumbo-la-kwanza, na Kambo alicheka sana, akamkumbatia, akasema njaa yake ni kubwa kuliko ya watu wote kilimani. Mimi peke yangu nilijua anajaribu sumu kwa tumbo lake mwenyewe. Niliketi na sahani tupu mapajani, nikimtazama kwenye kizingiti, nikihesabu kivuli pamoja naye.

Nilijaribu kusema mara moja tu. Nilikuwa na miaka kama kumi na mitano, tunapepeta unga wawili tu. Nilianza, "Kambo, ile siku mtoni," na yeye akasema, "Unga unamwagika, tazama ungo." Unga haukuwa unamwagika. Baada ya hapo alinifundisha pipa kama alivyonifundisha mto: namna ya kuvunja muhogo na kuusikiliza, namna ya kuonja ncha yake kwa ulimi na kutema. Hakuniuliza tena imeiva au bado. Alikagua mwenyewe, akala kwanza, akangoja kivuli, mwaka baada ya mwaka.

Miaka tisa ilipita hivyo. Kambo akaugua miguu, ikavimba, akawa halali vizuri wala hatoki ndani. Mama alikuwa bandarini akiuza chakula, basi nikawa mimi ninayelaza, ninayetwanga, ninayepika. Mchana mmoja nilipika unga mpya, mihogo niliyoichagua mimi, niliyoitoa pipani mimi. Nyumbani kulikuwa na Feza na watoto wawili wa jirani. Nikakata tonge, nikaliweka kwenye sahani ndogo ya bati, nikampelekea Kambo kitandani kama ilivyo desturi ya nyumba yetu. Aliitazama sahani. Akaniuliza siku ngapi. Nikasema tano. Akauliza kama nimeivunja mikubwa. Nikasema nimeivunja yote, Kambo, mmoja mmoja. Akaisukuma ile sahani taratibu kuelekea kwangu, akasema, "Leo wape watoto kwanza."

Nilitaka kumbishia, nilitaka nile mimi, lakini alikuwa ameshafumba macho, uso wake umetulia. Nikaenda nikawapa watoto. Walikula, wakapigana kwa ajili ya dagaa wa mwisho, wakatoka kucheza. Kambo alikula mwisho, bukari imeshapoa, na hakuacha hata punje. Alikufa mwaka huohuo kabla ya mvua, tukamzika kwenye makaburi ya kilimani, mbali na mume wake aliyeko chini ya maji.

Siku hizi kilima kile ni mtaa wa mji, pikipiki zinapanda mpaka milangoni, na umeme wa baraji letu unafika siku unapotaka na kukatika siku unapotaka. Binti yangu ananunua unga sokoni, umesagwa kwa mashine, haujui mto wala mkono, na anawaita watoto wake wale ukiwa wa moto. Nafurahi nikiwaona wanakula bila kungoja kitu. Kuna vijana walikuja na karatasi kuuliza wazee tulipoteza nini, nikawatajia nyumba, mashamba, makaburi, vidimbwi, nao wakaandika visima. Sikuwarekebisha. Hapakuwa na mahali pa kuandika yaliyobaki.

Feza yupo, ana wajukuu, anauza samaki wa migebuka karibu na bandari na ulimi wake haujapungua. Tukikutana kwenye sikukuu huwasimulia watoto habari za Kambo, jinsi alivyokuwa mpole, na jinsi alivyopenda kula, kila siku yeye wa kwanza, na wote wanacheka, nami nacheka nao. Nimecheka hivyo miaka mingi mno. Feza, mdogo wangu, mtu akikusomea haya, keti chini kwanza. Kambo hakuwa mroho, wala hakukosea mihogo. Mguu ulikuwa wangu.